Muhuri, Lakiri na Saini: Historia Fupi ya Istilahi za Uhakiki wa Programu za Simu

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni wafasiri wetu wamekuwa wakipokea maandishi ya aina ambayo watangulizi wao hawakuyaona: maelezo ya matumizi ya simu za mkononi, matangazo ya usalama wa mitandao, masharti ya huduma za fedha, na yale maonyo mafupi yanayotokea juu ya kioo cha simu wakati inapowashwa. Katika maandishi hayo kuna wazo moja linalorudiwa mara kwa mara, yaani kwamba simu, kabla ya kukubali kufanya kazi, hukagua kama programu iliyomo ndani yake imetiwa saini na mwenye mamlaka ya kuitia. Wazo hili ni jepesi kulitaja lakini ni gumu kulifasiri. Mfasiri anayelichukua neno "sahihi" kwa maana ya jina litiwalo chini ya hati aweza kujikuta ameandika kwamba "sahihi ya programu si sahihi", na msomaji wake asijue ni kipi chenye kasoro: alama, programu, au lugha yenyewe.

Jambo hili si la ufasaha tu. Mwananchi anayesoma kwamba programu "ina sahihi" huelewa kwamba programu hiyo ni njema na salama. Mashine haikusema hivyo. Imesema jambo dogo zaidi, na tofauti iliyopo baina ya mambo hayo mawili yaweza kumpotezea mtu akiba yote aliyoiweka katika simu yake. Makala haya yana nia ya kueleza, kwanza, jinsi maneno yetu ya kuthibitisha maandishi yalivyokua. Pili, jinsi uhakiki wa saini unavyofanyika katika simu zinazotumia mfumo wa Android. Na tatu, kupendekeza istilahi zitakazowasaidia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kulisema jambo hili bila ya kumpotosha msomaji. Mifano kadhaa tumeitoa Kitendaguro, katika Manispaa ya Bukoba, na Mkoa wa Kagera kwa jumla, maana maneno ya kazi hutafutwa mahali kazi inapofanyika.

Maneno matatu tuliyorithi

Lugha yetu haikungoja kompyuta ndipo ipate maneno ya kupima ukweli wa maandishi. Pwani ya Afrika Mashariki imekuwa na barua, hati na wasika kwa karne nyingi. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa hata leo huko Goa. Penye barua pana shaka, na penye shaka huzuka maneno ya kuiondoa. Kwa ajili ya makala haya tutayatazama matatu.

La kwanza ni muhuri. Neno hili asili yake ni Kiajemi, nalo limezoeleka kwetu kwa maana ya chombo kinachopigwa na pia kwa maana ya alama inayobaki juu ya karatasi. Muhuri hujibu swali moja tu: maandishi haya yametoka kwa nani? Barua ya mtendaji wa kata isiyo na muhuri hurudishwa hata kama kila neno lililomo ni la kweli.

La pili ni lakiri, ambalo wanaisimu hulihusisha na Kireno. Hapo zamani lakiri ilikuwa ile nta ngumu iliyoyeyushwa kwa moto na kudondoshwa juu ya mkunjo wa barua. Siku hizi wananchi hulifahamu neno hili zaidi wakati wa uchaguzi, kwa kuwa masanduku ya kura hufungwa kwa lakiri zenye namba. Lakiri haisemi kura zilizomo ni za nani, wala haisemi kama wapiga kura wamechagua vema. Hujibu swali lingine kabisa: je, kitu hiki kimeguswa tangu kilipofungwa?

La tatu ni sahihi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni uzima na ukamilifu wa kitu kisicho na ila. Katika Kiswahili lilipata maana mbili zilizokaa pamoja kwa muda mrefu. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939 tayari inazo zote mbili, yaani usahihi wa jambo na jina linalotiwa chini ya hati. Njia iliyoziunganisha maana hizo yaeleweka. Mtu aliyetia sahihi yake alikuwa akitamka kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli na kwamba ameyakubali. Kwa hiyo sahihi hujibu swali la tatu: je, yaliyomo ndani ni ya kweli?

Si kila mtu aliyeweza kutia sahihi. Katika nchi ya kahawa na migomba ya Bukoba, ambako Chama Kikuu cha Ushirika kilichojulikana kwa herufi BNCU kilianzishwa mwaka 1950, mkulima asiyejua kuandika alitia dole gumba. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa kati ya mwaka 1968 na 1972 katika mikoa ya kanda ya Ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi ambayo sasa ni Kagera, uliwawezesha watu wazima wengi kuacha wino wa kidole na kushika kalamu. Ndipo neno lingine lilipozidi kuenea vinywani mwao, nalo ni saini. Neno hili lilitokana na Kiingereza, lakini limekwisha kuwa letu kiasi cha kunyambulika bila ya shida: kusaini, kusainiwa, kusainisha. Faida yake kwa mada yetu ni kwamba halimsifu mtu wala halikisifu kitu. Saini ni alama ya mkono fulani, basi. Tutaona hapo chini kwamba upungufu huo wa maana ndio unaoifanya istilahi hii ifae.

Kutoka karatasi hadi tarakimu

Maandishi ya kompyuta yalileta tatizo ambalo karatasi haikuwa nalo. Nakala ya karatasi huonekana kuwa ni nakala. Wino hufifia na kingo hupotoka. Nakala ya tarakimu haina tofauti yoyote na asili yake. Kama muhuri ungekuwa picha tu iliyobandikwa katika faili, mtu yeyote angeweza kuinakili na kuibandika katika faili nyingine.

Njia ya kulitatua tatizo hili ilielezwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Walipendekeza kila mtu awe na funguo mbili zilizozaliwa pamoja, mmoja ukiwa wa siri na wa pili ukitangazwa kwa watu wote. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walipata hesabu ya kulitimiza wazo hilo, wakaichapisha mwaka 1978. Hesabu yao imesimama juu ya jambo ambalo mwalimu yeyote aweza kulieleza darasani: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, bali kuzitafuta namba hizo mbili kutoka katika zao lake ni kazi ngumu mno.

Kwa msomaji wa Kagera mfano wa funguo hizo uko karibu. Tunda la kahawa huwa na punje mbili zilizolala uso kwa uso. Katika mila ya Wahaya ya omukago, yaani undugu wa kuchanjiana damu, watu wawili walitumia punje hizo mbili za tunda moja kuwa ishara kwamba wamekuwa ndugu. Funguo mbili za saini nazo ni za tunda moja: hulingana zenyewe kwa zenyewe, wala punje ya tunda lingine haziwezi kulingana nayo. Hata hivyo mfano una mpaka wake. Katika omukago kila ndugu ana punje yake, na wote wawili ni sawa. Katika saini, mwenye ufunguo wa siri ndiye peke yake awezaye kusaini, na wenye ufunguo uliotangazwa huweza kuhakiki tu. Tena, kuushika ufunguo uliotangazwa hakumsaidii mtu kuupata ule wa siri.

Kazi yenyewe hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza, maandishi yote hupitishwa katika hesabu inayotoa alama fupi yenye urefu usiobadilika, aghalabu biti 256, hata kama maandishi ni ukurasa mmoja au ni maktaba nzima. Mkato mmoja ukibadilishwa, alama hiyo hubadilika kabisa. Pili, alama hiyo hufanyiwa hesabu kwa ufunguo wa siri, na matokeo yake ndiyo saini. Mwenye kuhakiki hupiga upya hesabu ya alama kutoka katika maandishi aliyoyapokea, kisha akitumia ufunguo uliotangazwa hutazama kama saini inaafikiana na alama hiyo.

Hapa wafasiri hawana budi kuangalia vizuri. Muhuri wa mpira hupigwa uleule juu ya barua elfu moja. Saini ya tarakimu huzaliwa upya kwa kila maandishi, na haiwezi kubanduliwa katika faili moja ikabandikwa katika nyingine. Kwa hiyo saini hii imebeba kazi mbili kati ya zile tatu tulizozitaja. Ina kazi ya muhuri, kwa kuwa huonyesha mkono uliosaini. Ina kazi ya lakiri, kwa kuwa huonyesha kama maandishi yameguswa. Kazi ya tatu, ile ya sahihi kwa maana yake ya asili, haimo. Hesabu haijui kama maandishi ni ya kweli au ni ya uongo, ni mema au ni mabaya.

Simu inavyojihakiki

Simu ya kwanza yenye mfumo wa Android iliuzwa mwaka 2008. Tangu mwanzo mfumo huo ulidai kwamba kila programu tumizi iwe imesainiwa, na kwamba toleo jipya la programu lisipokelewe isipokuwa limesainiwa kwa ufunguo uleule wa toleo la awali. Lakini chini ya programu tumizi kuna tabaka lingine ambalo mtumiaji halioni, nalo ni programu dhibiti pamoja na mfumo endeshi, yaani maagizo yanayoiamsha simu na kuiongoza kabla ya jambo lingine lolote.

Mafundi wa Kitendaguro, kama wenzao wa mijini kote nchini, huijua programu hiyo kwa matatizo yake. Simu ikiwashwa ikabaki inaonyesha jina la kampuni tu, husema kwamba "imegota kwenye nembo", na tiba yake ni "kuiflashi", yaani kuiandikia upya programu kutoka kompyuta. Kwa miaka kadhaa kazi hii haikuwa na kizuizi kikubwa katika simu nyingi, na programu yoyote iliyopatikana iliweza kuandikwa, iwe ya mtengenezaji au ya mtu asiyejulikana.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Toleo la 4.4 la mwaka 2013 lilileta njia ya kuhakiki sehemu za mfumo wakati zinaposomwa. Toleo la 7.0 la mwaka 2016 liliufanya uhakiki huo kuwa mkali, hata simu iliyobadilishwa ikakataa kuwaka au ikawaka kwa masharti. Toleo la 8.0 la mwaka 2017 liliupanga upya utaratibu wote na kuongeza kinga dhidi ya kurudishwa kwa matoleo ya zamani.

Utaratibu wenyewe wafanana sana na barua ya utambulisho katika utawala wetu. Mwananchi anayehitaji huduma wilayani haendi moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi. Balozi wa nyumba kumi anayemfahamu humtambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti humwandikia mtendaji wa kata, na mtendaji humwandikia wilaya. Kila mmoja humdhamini anayefuata kwa sababu yeye mwenyewe amedhaminiwa. Ndivyo ilivyo katika simu. Ndani ya kipande chake kikuu mna maagizo machache yaliyowekwa kiwandani ambayo hayawezi kuandikwa tena, na pamoja nayo alama ya ufunguo wa mtengenezaji. Maagizo hayo hukihakiki kianzishi, yaani programu ya kwanza kuamka. Kianzishi hukihakiki kiini cha mfumo. Na kiini huzihakiki sehemu zinazosalia.

Sehemu hizo ni kubwa, nazo haziwezi kukaguliwa zote kila simu inapowashwa. Kwa hiyo hugawanywa katika vipande vya baiti 4,096, kila kipande kikapewa alama yake. Alama hizo hukusanywa na kupewa alama zao, na hizo nazo vivyo hivyo, mpaka ibaki alama moja ya juu ambayo ndiyo inayolindwa na saini. Mhasibu atautambua mpango huu, kwani hufanana na daftari ambalo jumla za kurasa huingizwa katika jumla ya sura, na jumla za sura katika jumla kuu. Kipande kimoja kikibadilishwa, jumla kuu haitakubaliana, nayo simu hukigundua wakati ule inapokisoma.

Matokeo ya uhakiki huonyeshwa kwa rangi. Kijani ni hali ambayo kila kitu kimeafikiana na ufunguo wa mtengenezaji, na kwa kawaida mtumiaji haoni onyo lolote. Njano ni hali ambayo programu imeafikiana na ufunguo uliowekwa na mwenye simu. Rangi ya machungwa huonyesha kwamba kufuli la kianzishi limefunguliwa, na kwa hiyo simu haitoi dhamana yoyote. Nyekundu huonyesha kwamba uhakiki umeshindikana. Katika onyo la nyekundu Kiingereza hutumia neno ambalo kwao ni moja kwa data iliyoharibika na kwa mtumishi mla rushwa. Mfasiri asiangukie katika ufisadi; simu haikula rushwa, bali programu yake imebadilika na haiafikiani tena na saini.

Neno "uhakiki" katika midomo ya wananchi

Neno kuhakiki halikuwa geni, lakini matukio mawili yalilipeleka kila nyumba. Tarehe 16 Juni 2016 usiku Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu ambazo namba zake za utambulisho hazikuwa halali. Kabla ya hapo wananchi walielekezwa kubonyeza *#06# ili wapate namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na kuituma kwa namba 15090 ili waambiwe aina ya simu yao. Maneno bandia, feki na ghushi yalisikika sokoni kila siku. Tukio la pili ni uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao taarifa yake iliyotolewa Dodoma tarehe 28 Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi.

Matukio haya yamelifanya neno lieleweke, lakini pia yameliwekea picha isiyolingana na saini. Katika yote mawili uhakiki ulikuwa ni kulinganisha kitu na orodha iliyotunzwa makao makuu: namba ya simu na rejesta ya mawasiliano, cheti na kumbukumbu za mitihani. Namba yaweza kunakiliwa. Simu mbili zaweza kubeba namba moja. Uhakiki wa saini hauhitaji orodha ya mbali. Simu iliyoko Kitendaguro mahali pasipo na mtandao hujihakiki yenyewe, kwa kuwa ufunguo unaohitajika umo ndani yake. Mwalimu anayefundisha jambo hili afanye hima kuitenganisha mifano hiyo miwili mapema, la sivyo wanafunzi watadhani kwamba simu iliyopita mtihani wa mwaka 2016 imekwisha hakikiwa programu zake.

Saini ya kweli, programu mbaya

Sasa tunafika penye kiini cha hoja yetu. Historia fupi ya simu hizi imetoa mifano ya kutosha kuonyesha kwamba saini na wema ni mambo mawili.

Mwaka 2013 kampuni ya Bluebox ilitangaza kasoro katika uhakiki wa programu tumizi za Android. Faili ya programu iliweza kubeba ndani yake mafaili mawili yenye jina moja. Sehemu ya mfumo iliyohakiki ilisoma moja, na sehemu iliyosakinisha ilisoma la pili. Saini ilikuwa halali, lakini kilichofanya kazi hakikuwa kile kilichosainiwa. Ni kama karani aliyekagua nakala ya juu ya mkataba huku mkubwa wake akitekeleza nakala ya chini. Mwaka 2016 ukaletwa mpango mpya wa saini ambao huifunika faili yote kwa jumla badala ya kuhesabu mafaili ya ndani moja moja.

Mfano wa pili ni wa programu hasidi iliyoitwa Triada. Mwezi Juni 2019 kampuni ya Google ilieleza jinsi programu hiyo ilivyoingizwa katika mfumo wa baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi, kwa njia ya mkandarasi aliyeshirikishwa katika utengenezaji. Mfumo uliochafuliwa kabla ya kusainiwa hupita uhakiki bila ya shida. Lakiri huonyesha kama sanduku limeguswa baada ya kufungwa. Haisemi kilichowekwa ndani kabla ya hapo.

Mfano wa tatu ni wa funguo zenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitangazwa kwamba vyeti vya mfumo vya watengenezaji kadhaa wa simu vilikuwa vimetumika kusaini programu hasidi. Saini zilikuwa za kweli kwa kila hesabu. Mkono ulioshika muhuri ndio haukuwa wa mwenyewe. Tena, pamoja na maandishi ya mfumo wa Android yaliyotolewa kwa watu wote huja funguo za majaribio ambazo kila mtu anazo. Mtengenezaji anayesahau kuzibadilisha huuza simu inayoheshimu muhuri uliotupwa sokoni.

Hata matoleo ya zamani ni mfano. Toleo lililosainiwa kihalali miaka mitano iliyopita laweza kuwa na tundu lililogunduliwa baadaye. Saini yake haikuharibika kwa kupita kwa wakati, na ndiyo sababu ilihitajika kinga ya pekee ya kuzuia mtu asiirudishe simu nyuma. Katika mifano yote hii neno "saini" lingemweleza msomaji ukweli. Neno "sahihi" lingemdanganya.

Mapendekezo

Umuhimu wa kuyapanga maneno haya umezidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilipoitambua saini ya kielektroniki, na zaidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Yale yaliyokuwa maneno ya mafundi yataamuliwa mahakamani. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo yafuatayo.

1. Saini ya kielektroniki: alama yoyote ya kielektroniki ambayo mtu ameikusudia kuwa saini yake. Hili ni jina pana la kisheria.

2. Saini ya kidijitali: saini inayopatikana kwa hesabu ya funguo mbili. Kila saini ya kidijitali yaweza kuwa saini ya kielektroniki, lakini si kinyume chake. Neno sahihi lisitumike kwa maana hii.

3. Kuhakiki saini: kupiga hesabu ya kutazama kama saini inaafikiana na maandishi na ufunguo. Neno kuthibitisha libaki kwa tendo la mtu au chombo chenye mamlaka ya kutamka kwamba jambo ni la kweli. Mashine huhakiki, mamlaka huthibitisha.

4. Ufunguo wa siri na ufunguo wa hadhara. Wako wanaosema "ufunguo wa umma", lakini katika matumizi yetu ya serikali kitu cha umma ni mali ya taifa, kama shirika la umma. Ufunguo huu si mali ya taifa. Umewekwa hadharani tu.

5. Alama tambuzi: ile alama fupi inayopatikana kwa kuyapigia hesabu maandishi yote. Mwalimu aweza kuieleza kuwa ni dole gumba la maandishi.

6. Programu dhibiti: maagizo ya ndani yanayokiamsha na kukiongoza kifaa.

7. Mnyororo wa dhamana, na mwanzo wake shina la dhamana. Tumeliacha neno imani kwa makusudi. Imani ni ya moyoni, bali dhamana ni wajibu anaoubeba mmoja kwa ajili ya mwingine, nayo huvunjika mdhamini mmoja akianguka.

8. Kinga ya kurudi nyuma: kizuizi cha kurudisha toleo la zamani ingawa lina saini halali.

9. Saini halali na saini batili. Haya ndiyo maneno ya kutumia pale ambapo wengine wangeandika "sahihi ni sahihi" au "sahihi si sahihi".

Maneno muhuri na lakiri hatuyapendekezi yawe istilahi rasmi za jambo hili, kwa kuwa kila moja lina nusu tu ya maana. Lakini ni vyombo bora vya kufundishia, na mwalimu asiyaache.

Hitimisho

Tumeona kwamba wahenga wetu walikuwa na maneno matatu kwa maswali matatu: nani ameandika, je, maandishi yameguswa, na je, ni ya kweli. Hesabu ya mwaka 1976 na 1977 imeyajibu mawili ya kwanza kwa uhakika ambao nta na mpira havikuwa nao. La tatu imeliacha pale pale lilipokuwa, mikononi mwa watu: mtengenezaji anayeandika, mkaguzi anayekagua, sheria inayowawajibisha, na mwenye simu anayechagua cha kusakinisha. Yafaa tukumbuke pia kwamba ufunguo wa siri wa simu tunazozitumia haumo nchini. Uko kwa makampuni ya Asia na Marekani. Fundi wa Bukoba anapokuta simu imekataa programu aliyoiandika, hakuambiwa kwamba programu yake ni mbaya. Ameambiwa kwamba haikusainiwa na mwenye ufunguo. Haki ya kutengeneza na haki ya kulindwa zaweza kujadiliwa vizuri ikiwa tu lugha itazitenganisha kauli hizo mbili.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wanaokutana na maneno haya kazini wayajaribu mapendekezo yetu katika sentensi kamili, waangalie yanapokwama, na kuyaleta maoni yao pamoja na maneno yaliyokwisha kuzoeleka katika sehemu zao. Istilahi isiyotamkika mbele ya mteja katika kibanda cha fundi haitaishi hata ikichapishwa mara mia.